Mvua Isiyopimwa

Jumatatu, 2 Juni 2025

Mimi ni mke wa mtu! Nimeandika maneno hayo mara tatu nyuma ya daftari kabla ya kuanza ukurasa huu, na kila mara nimecheka peke yangu. Leo ni siku ya tisa. Ezron ameniletea daftari hili kutoka mjini Tukuyu, jalada jekundu, akasema, "Andika humu usiyoweza kuniambia."

Nikamwambia hakuna nisiloweza kumwambia.

"Basi andika idadi ya mayai," akasema, akanifinya shavu.

Mayai manne. Nampenda mno.

Jumatano, 4 Juni

Habari kubwa! Ezron amechaguliwa kwenda Shule ya Kipupwe ya Hisabati za Kompyuta. Itafanyika hapa hapa, kwenye chuo kimoja pale mjini, kuanzia tarehe 14 hadi 25 Julai. Wanakuja wanafunzi na watafiti wa vyuo vikuu, wanafundishwa kuiagiza kompyuta ipige hesabu ambazo mtu akizipiga kwa mkono anazeeka hajamaliza: maji yanavyopita ardhini, ugonjwa unavyosambaa kijijini, mambo kama hayo.

"Mbona ya kipupwe?" nimemuuliza.

"Wenzetu wa nchi za theluji wana shule zao za majira ya baridi. Na sisi Tanzania, pa kutetemeka ni wapi kama si Tukuyu?"

Mwishoni watachaguliwa watatu wakasomeshwe shahada ya pili nje ya nchi, miaka miwili. Ezron alimaliza chuo miaka mitatu iliyopita, hajapata ajira, anajitolea kufundisha hesabu sekondari ya kata. Amenishika mikono yote miwili. "Atu, milango mingine yote nimeshagonga. Umebaki huu."

Nimepiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Alipokwenda kuteka maji nikakaa kitandani nikahesabu. Miaka miwili ni siku mia saba na thelathini.

Jumamosi, 7 Juni

Kila mwanafunzi anatakiwa afike na takwimu za kwao. Ezron anapeleka mvua. Baba yake alikuwa msoma kipimamvua kwenye shamba moja la chai kwa miaka thelathini na moja, tangu 1989 mpaka alipostaafu mwisho wa 2019. Kila asubuhi saa tatu alikwenda kwenye kile kikopo, akapima maji, akaandika. Shamba lilipotaka kuyachoma madaftari, aliyabeba akayaleta nyumbani. Yapo thelathini na moja, mwaka mmoja daftari moja, yananuka moshi na chai.

Kazi ya kuyaingiza kwenye kompyuta ni yangu. Nilipata B ya Kiingereza na C ya Hisabati kidato cha nne, na vidole vyangu ni vyepesi. Namba zaidi ya elfu kumi na moja!

Jambo moja lazima niliandike, maana ni jipya kwangu. Mimi na baba mkwe hatutazamani usoni wala hatusemezani. Akipita njiani, mimi naingia migombani. Jina lake silitaji, hata humu sitaliandika. Ezron anasema mjini mambo hayo yamekwisha, wakamwana wanawapa wakwe zao mkono kama wajumbe wa mkutano. Lakini Mama, yaani mama mkwe wangu Esnath, alinishika bega siku ya pili ya harusi akasema, "Mwaka wa kwanza tuishike, mwanangu. Ni heshima, si uadui." Nikakubali kwa moyo wote. Kila kitu cha ndoa hii nakitaka, hata kujificha.

Kwa hiyo Mama ndiye aliyenipa madaftari. Mzee alisimama uani akitazama upande wa Mlima Rungwe, akamwambia mkewe kwa sauti ya kunifikia, "Asiyalaze chini."

Nimeyapanga kitandani, upande wa Ezron.

Jumanne, 10 Juni

Manyunyu siku nzima. Nimeingiza miezi kumi na minane. Vidole vinauma, nami nafurahia.

Alhamisi, 12 Juni

Mzee ana mwandiko kama wa mchungaji. Siku ya mvua anaandika milimita, siku kavu anachora mstari mdogo. Lakini kuna alama ya tatu: msalaba, mdogo sana, wa kalamu. Mwaka wa kwanza ni michache, kuanzia 1990 iko kila mahali.

Nilimpigia Ezron simu, alikuwa shuleni kwake. Nyuma yake kelele za watoto.

"Msalaba? Aah, hiyo ni ya mlinzi. Jumapili Mzee haendi kazini, mlinzi wa shamba ndiye alikuwa anasoma. Itakuwa maana yake hakuna kitu. Weka sifuri."

"Una hakika? Siwezi kumuuliza Mama akamuulize?"

"Atu, mpenzi, kwa swali dogo hivyo? Weka sifuri, twende mbele."

Nimeweka sifuri. Sauti yake kwenye simu inanifanya nisikie joto masikioni.

Ijumaa, 20 Juni

Ukungu. Nimefika 2003. Mayai mawili.

Ijumaa, 4 Julai

NIMEMALIZA. Ezron amenibeba mgongoni kuzunguka nyumba mara mbili, nikipiga kelele anishushe na nikiomba asinishushe. Kisha tukamwona Mzee kwenye njia ya zizini. Niliruka kutoka mgongoni nikaingia migombani kama panya. Ezron akabaki peke yake, amepinda mgongo, hana mzigo.

"Unatafuta nini chini hapo?" Mzee akamuuliza.

"Kifungo, baba."

Nilisikia mzee akicheka pole pole mpaka alipofika zizini. Nilidhani ni mtu mkali.

Jumapili, 13 Julai

Ameondoka. Kutoka hapa mpaka chuoni ni nusu saa kwa bodaboda, lakini kanuni yao ni kulala huko huko, kwa sababu wanasoma asubuhi mpaka usiku. Amevaa koti la mjomba wake na sweta mbili. Nilimwekea ndizi za kuchoma kwenye begi, juu ya kompyuta, akasema zitailainisha. Nilibaki barabarani mpaka mlio wa pikipiki ukaisha, na baada ya hapo pia.

Jumatatu, 14 Julai

Siwezi kukaa. Nimefagia uwanja mara tatu.

Jumatano, 16 Julai

Amepiga simu, dakika sita. Amewekwa kundi moja na dada mmoja wa Ibighi, Samira, ambaye baba yake ana duka la vitenge na yeye anasoma chuo kikuu Dar. "Ana akili kama wembe," Ezron amesema. Anayeongoza shule nzima ni Dokta Tulia, mama mfupi mwenye miwani, ambaye anapenda kuuliza swali moja tu: "Umejuaje?" Wanafunzi waliotoka pwani wanaingia darasani na mablanketi ya kitandani. Walimu wanafundisha wamevaa glavu, chaki inawaanguka.

Nilicheka yote. Nilipokata simu nikarudia: ana akili kama wembe.

Ijumaa, 18 Julai

Simu saa saba mchana, Ezron anapiga kelele kama ameona simba.

"Atu! Mvua ya hapa ina mapigo! Tumeipitisha kwenye programu, grafu imetoa kilele kimoja kirefu kama mnazi. Kila siku saba! Kila siku saba mvua inashuka, kisha inaruka!"

"Kwa nini?"

"Samira anasema ni kiwanda cha chai. Wiki nzima kinachoma kuni, moshi unapanda, Jumapili kinapumzika. Moshi unaita mvua! Hakuna aliyewahi kuliona jambo hili hapa kwetu. Dokta Tulia ameitazama grafu dakika nzima hajasema kitu."

"Hajauliza umejuaje?"

"Atauliza Ijumaa. Ndiyo siku ya kuwasilisha."

Nilisikia Samira nyuma yake akisema, "Mwambie shem aanze kushona gauni la kumsindikizia mumewe uwanja wa ndege!" Wote wakacheka. Nami nikacheka. Nimeingia ndani nikavua kitenge nikavaa kingine, sijui kwa nini.

Jumapili, 20 Julai

Mama ameondoka jana kwenda Kyela, wifi yangu amejifungua mtoto wa kike. Sasa tumebaki mimi huku na Mzee kule, na migomba katikati. Namwekea chakula kwenye meza ya barazani kwao, nagonga sufuria kwa mwiko, nakimbia. Akimaliza anagonga kikombe.

Baada ya ibada nilikwenda mjini, leo wanaruhusiwa wageni saa moja. Ezron amekonda uso, macho yanawaka. Tulikaa kwenye ngazi tukishikana mikono ndani ya mfuko wa koti lake, nikafikiri sasa ataniambia amenikumbuka. Akaniambia habari za siku saba. Samira akaja, mrembo, hijabu ya kijani na buti kubwa za kiume, akakaa ngazi ya chini.

"Shem, mumeo anaota namba. Usiku wanamsikia huko mabwenini kwao akisema 'saba, saba'. Nikawaambia labda ana wake saba."

"Yupo mmoja tu," nikasema.

"Huyo mmoja ndiye anamsifia, tumechoka. Kila tukifungua faili: 'Hizi ameandika mke wangu.'"

Nikampenda kidogo. Lakini Ezron akianza sentensi yeye ndiye anaimaliza, na mimi nilikuwa nimekaa pale sijui hata kilele kinapimwa kwa kitu gani. Wakati wa kuondoka mvua ikanyesha, nikarudi nimelowa chapachapa.

Jumanne, 22 Julai

Sijui nianzie wapi.

Mvua ya Jumapili ndiyo iliyonikaa kichwani. Nilikuwa nakausha viatu jikoni nikawaza: Jumapili ilinyesha. Nikakumbuka siku ya kipaimara changu, kwetu Kawetele, tarehe 3 Aprili 2016, naikumbuka kwa kuwa imeandikwa kwenye cheti. Mvua ilianza alfajiri, gauni jeupe likawa rangi ya udongo, daraja likachukuliwa, askofu akachelewa saa mbili. Wilaya nzima ililoa siku ile. Basi nikafungua daftari la 2016 nione ilikuwa milimita ngapi, kwa furaha tu, nimwandikie Ezron meseji.

Msalaba.

Na Jumatatu yake, tarehe 4: milimita 118.

Nilikaa chini. Nikafungua kalenda ya simu nikaanza kulinganisha. Msalaba, Jumapili. Msalaba, Jumapili. Pasaka, msalaba. Pale palipo na msalaba mimi nimeweka sifuri, na kila baada ya msalaba Jumatatu imenona kama ng'ombe wawili. Sasa, je, mlinzi alisoma akakuta sifuri? Siku ya mafuriko? Au hakuna aliyesoma kabisa, na maji ya Jumapili yakalala kwenye kipimo mpaka Jumatatu?

Kama hakuna aliyesoma, basi mbingu haina mapigo ya siku saba. Kiwanda hakina hatia. Kilele kirefu kama mnazi tumekipanda sisi, mimi na sifuri zangu.

Nimempigia Mama, Kyela. Amesikiliza, mtoto akilia karibu.

"Mambo ya kikopo kile ni yake na Mungu wake. Muulize mwenyewe," akasema. Halafu akaguna. "Ee, nimesahau. Nitamuuliza nikirudi Jumapili."

"Ijumaa Ezron anasimama mbele ya watu, Mama. Huwezi kumpigia?"

"Simu yake si ilitumbukia kwenye ndoo ya maziwa? Mtume jirani."

Siwezi kumtuma jirani. Nitamwambiaje? Nenda kamuulize Mzee, naye ni mzee wa kanisa, kama kwa miaka thelathini na moja ameandika uongo?

Jumatano, 23 Julai

Tumegombana. Mara ya kwanza. 

Nilimpata mchana, wakati wa chakula. Nikamweleza kipaimara, daraja, misalaba. Akasema pole pole, kama anamfundisha mtoto, "Atu, mlinzi alikuwa anasoma. Mimi nimekulia pale."

"Ulimwona akisoma?"

"Muhtasari tumeshautuma. Grafu imeshachapwa. Keshokutwa nasimama. Unataka niseme nini? Mke wangu alilowa kipaimara?"

"Nataka uulize."

"Kazi yako ilikuwa kuandika tu, Atuganile."

Jina zima. Tangu tuoane hajawahi kuniita jina zima. Simu ikakatika, au aliikata.

Nimetembea mpaka barabara ya lami nikarudi. Nimetembea tena. Manyunyu yananiingia kwenye shingo. Nitaandika ukweli wote, maana daftari hili alinipa kwa ajili hiyo. Nilipokuwa natembea, wazo lilikuja nami sikulifukuza: niache. Asimame Ijumaa na mnazi wake. Yule mama mfupi atamuuliza amejuaje, hatakuwa na jibu, hatachaguliwa, atarudi nyumbani. Atakuwa wangu. Siku mia saba na thelathini zote zitakuwa zangu. Atahuzunika, nitampikia, atapoa.

Nilifika na wazo hilo mpaka kwenye mlango. Nikaona upande wake wa kitanda. Nikamwona amesimama mbele za watu ndani ya koti la mjomba, akitafuta neno, na wenzake wanatazama chini. Nikajua kwamba nikiruhusu hilo, atakayerudi hatakuwa mume niliyemtaka, na atakayempokea hatakuwa mke aliyemwacha.

Kesho nitamuuliza Mzee. Sijui kwa mdomo gani.

Alhamisi, 24 Julai

Nimeamka kabla ya majogoo. Ukungu ulikuwa mzito hata zizi halionekani. Mzee hukamua ng'ombe saa kumi na mbili na nusu, ng'ombe mmoja, Malaika, mweupe mwenye kiraka jichoni. Nilibeba daftari la 2016 ndani ya khanga, nikasimama nyuma ya migomba, mgongo wangu upande wa zizi. Maziwa yalikuwa yanapiga ndoo. Moyo wangu ulikuwa unapiga zaidi.

Nikasema kwa sauti, "Malaika."

Maziwa yakaacha.

"Malaika, habari za asubuhi. Mimi ni mgeni hapa, sina wa kumuuliza, Mama yuko Kyela. Nina swali, nakuuliza wewe, kwa sababu wewe si mkwe wangu."

Ng'ombe akapuliza pua. Nilikuwa tayari kukimbia. Kisha nikasikia sauti ya Mzee, nzito, ya Kinyakyusa kilichovaa Kiswahili:

"Gwe Malaika, unaitwa. Itika. Mtu akiitwa anaitika."

 Nikaendelea. "Malaika, kwenye madaftari ya mvua kuna misalaba. Mume wangu anasema ni mlinzi alisoma akakuta hakuna kitu. Mimi nimeweka sifuri. Kesho ataisimamia sifuri hiyo mbele ya wakubwa. Nataka kujua: msalaba ni nini?"

Nilisikia Mzee akisogeza ndoo.

"Malaika, mwambie huyo wa migombani. Mwaka wa kwanza, mlinzi ndiye alikuwa wa Jumapili. Akaniletea namba. Tano, kumi, tano, kumi. Namba nzuri, za mviringo. Siku moja nikapita Jumapili jioni nikakuta kipimo kimejaa, na yeye Jumatatu ananiambia tano. Nikamwambia, kijana, usisumbuke tena. Mimi siku ya Bwana sifanyi kazi. Na namba ya uongo siandiki. Msimamizi akasema hataki nafasi tupu kwenye daftari. Nikaweka msalaba. Maana yake: siku hii haikupimwa. Asomaye ataelewa."

"Na maji ya Jumapili, Malaika?"

"Maji yanakwenda wapi? Si yanangoja Jumatatu." Akampigapiga ng'ombe ubavuni. "Sikuandika sifuri hata siku moja, Malaika. Mwambie. Sifuri ni namba. Sifuri ni kusema nilikwenda, nikatazama, hakuna."

Machozi yalikuwa yananitoka, sijui kwa aibu au kwa kumpenda mzee yule ambaye sijawahi kumwona uso vizuri. Nikasema, "Malaika, mwambie mwenye ng'ombe nimekosa. Ningeuliza mapema."

"Malaika," akasema, na nikasikia anatabasamu, "mwambie hata mwanangu ana mdomo na hakuuliza. Wewe una ng'ombe tu, na umeuliza. Ndaga fijo, nashukuru sana. Sasa aondoke, maziwa yanapoa."

Simu ya Ezron imezimwa siku nzima. Kesho nakwenda.

Ijumaa, 25 Julai

Niliyafunga madaftari matano kwenye kitenge, nikamwambia Andrea wa bodaboda kwamba leo asiendeshe kwa kujivuta. "Bibi harusi, unamkimbiza nani?" akaniuliza. Nikamwambia namkimbilia.

Nilifika saa tatu na nusu. Kundi lao lilikuwa la pili, saa nne. Mlangoni akanizuia mwanafunzi mmoja aliyejifunga blanketi, nikamwambia niitie Samira, si Ezron. Nilimtaka wembe.

Samira alitoka mbio. "Shem, kuna msiba?"

Sikumsalimu. Nilifungua daftari juu ya ukuta wa ngazi, nikamwonyesha misalaba, kalenda, Jumatatu zilizonona. Nikamwambia Mzee alivyosema. Alipitisha kidole kwenye ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Uso ukambadilika.

"Umetuletea jeneza, shem," akasema. Halafu, "Lakini maiti ilikuwa yetu. Ngoja."

Akamleta Ezron. Hakunitazama kwanza. Alitazama daftari. Aliushika ule msalaba wa tarehe 3 Aprili kana kwamba ungefutika. "Mzee amesema mwenyewe? Amesema na nani? Mama hayupo."

"Nimemuuliza."

"Wewe?"

"Kupitia Malaika."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza, mdomo wazi. Sijui alitaka kucheka au kulia. Ndani wakaita jina la kundi lao.

Walinipa kiti nyuma, karibu na dirisha. Ezron alisimama mbele ya projekta, mnazi ule mrefu unang'aa ukutani nyuma yake. Akasema, "Grafu hii ni nzuri na ni ya uongo." Watu wakainua vichwa. Akaeleza yote: alama, sifuri, Jumatatu iliyobeba mvua ya siku mbili. Hakuwa na karatasi. Aligeuka kunitazama mara moja tu, aliposema, "Baba yangu aliandika ukweli. Sisi tuliusoma bila kumuuliza."

Kijana mmoja akasema kwa nguvu, "Kwa hiyo mapigo ya mbingu ni mapumziko ya mzee?" Ukumbi ukacheka wote. Nilitamani ardhi inifunike. Samira akajibu pale pale, "Ndiyo. Na wewe ungeyapa jina lako." Wakacheka zaidi, sasa upande wetu.

Dokta Tulia hakucheka. "Umejuaje?" akauliza.

"Mke wangu ameniambia juzi, nikamkatia simu," Ezron akasema. "Leo amekuja na madaftari."

Ulipofika muda wa majina, yalisomwa mawili tu. La Ezron halikuwamo, wala la Samira. Nilikuwa nimeshikilia kiti. Kisha Dokta Tulia akasema nafasi ya tatu ameiweka wazi kwa kazi ya mvua ya Rungwe: wairudie kwa usahihi, imfikie kabla ya tarehe 15 Agosti, ataamua kwa anachokiona. Ikiwa nzuri, Ezron ndiye atakwenda, kwa kuwa Samira bado hajamaliza shahada ya kwanza.

Tumerudi pikipiki moja, watatu pamoja na Andrea, madaftari katikati yetu. Ezron ameninong'oneza neno la kuomba msamaha ambalo sitaliandika hata humu.

Jumatatu, 28 Julai

Kompyuta haiwezi kufanya peke yake kwa kusema tu "futa Jumapili zote". Mwaka wa kwanza zina namba za mlinzi, na misalaba mingine imo siku za kazi. Lazima jicho lipite daftari moja moja. Jicho hilo ni langu. Pale penye msalaba nafuta sifuri naandika H, haikupimwa. Siku inayofuata naiwekea alama kwamba ni maji ya siku mbili. Ezron na Samira wanaandika programu mpya.

Jumamosi, 2 Agosti

Baridi imezidi. Nimefika 1997. Kuna misalaba kumi na tisa mfululizo, mwezi wa pili. Nimemuuliza Mama, amerudi. Ameacha kumenya ndizi. "Ndipo tulipomzika mtoto wetu mkubwa," akasema. "Hakupima kitu."

Nimeandika H kumi na tisa, pole pole.

Jumapili, 3 Agosti

Na huu hapa: Jumatano, 11 Machi 1998, msalaba. Ni siku aliyozaliwa Ezron! Masika, mvua lazima ilikuwa inamwagika, na mzee akaacha shamba la chai akakaa nyumbani kumtazama mtoto. Nimembusu Ezron kwenye paji la uso, hajui kwa nini.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimejikamata: nakwenda taratibu. Daftari moja kwa siku, wakati naweza matatu. Napanga penseli. Nachemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Kila sifuri ninayoifuta inamsogeza mbali nami, na vidole vyangu vimelijua hilo kabla yangu. Nimekasirika nao. Leo nimefanya madaftari matano.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimemaliza, 2019. Samira amelala kwetu siku mbili, wamefungua grafu mpya. Mnazi umekwisha. Kuna vilima vidogo vidogo tu, na kimoja kipana kinachoonyesha masika yanaanza kuchelewa kidogo kidogo tangu miaka ya tisini. Hakishangazi mtu. Ezron amekitazama akasema, "Hiki nitakisimamia." Samira ananifundisha kusoma grafu. Nikimaliza sentensi yake, ananipiga kofi la bega.

Alhamisi, 14 Agosti

Hapa kijijini kwetu Lupepo mtandao wa intaneti unapatikana kwenye mwinuko wa nyuma ya shamba la chai. Ezron alikuwa amekwenda na Mzee kukata majani ya ng'ombe. Kazi ilikuwa tayari, kila kitu kimeambatishwa, akaniachia simu na kompyuta: "Ukipata mtandao itume." Kama unavyomwambia mtu afunge mlango.

Ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukashuka. Mtandao ulikuja, nikauacha ukaondoka. Ulikuja tena.

Nimebonyeza.

Jumanne, 19 Agosti

Jibu limekuja. Ndiyo. Miaka miwili, anaondoka tarehe 31.

Amenizungusha uwanjani mpaka kiatu changu kimoja kikaruka juu ya paa. Mama ameimba. Mzee amechinja jogoo. Nimecheka kuliko wote, na ni kicheko cha kweli. Nani mwingine ana mume kama wangu?

Ijumaa, 29 Agosti

Nimemfulia shati la safari, jeupe, lile la harusi. Kuna moto mzuri jikoni. Nimelianika nje, kwenye ukungu, ambako halikauki upesi.